Mkataba wa kulindana utamaliza ugomvi wa Migingo? Jibu kwa ndugu wa Majanji

Ndugu mmoja anayenunua samaki pale mwalo wa Majanji, Busia upande wetu wa Uganda, ameniandikia hivi: "Mwalimu, huku watu wanabishana mpaka usiku. Kuna wanaosema nchi za Afrika Mashariki zikishasaini kwamba ukimgusa mmoja umewagusa wote basi mambo ya Migingo yamekwisha, hakuna atakayethubutu. Wengine wanasema hapana, hiyo ndio italeta vita kubwa maana na Tanzania na Rwanda wataburutwa ndani. Nani ana ukweli? Na Tanzania itasimama na nani?"

Asante sana ndugu yangu, swali lako ni zito kuliko unavyofikiri, hili jambo nalifundisha miaka mingi na bado kila mwaka wanafunzi wanagawanyika vilevile kama hao wenzako wa mwaloni. Jibu la haraka ni hili: pande zote mbili zimeshika kipande cha ukweli, lakini zote zimeruka kitu kimoja. Mkataba wa kulindana unalinda mpaka unaojulikana. Haukuambii mpaka unapita wapi. Na shida ya Migingo, kile kijisiwa cha ziwa Victoria ambacho sisi na Kenya tunakigombania, tangu mwanzo, ni huko kupita kwa mpaka, sio nani atakuja kumsaidia nani.

Wacha nianze na kitu cha kwetu nyumbani maana ndipo mimi mwenyewe nilipoelewa. Baba yangu mdogo alikuwa na shamba la ndizi upande wa Kyotera, na kati yake na jirani kulikuwa na mstari wa luwaanyi, ule mmea ambao Buganda nzima watu wanajua ukiuona hapo ndio mwisho wa shamba. Waliishi vizuri tu, wakigombana wanagombana kidogo, ng'ombe ameingia, mkungu umeanguka upande wa pili, yanaisha. Halafu dada wa baba mdogo akaolewa na mtu mwenye cheo na nguvu, na kwenye sherehe huyo shemeji akasimama mbele ya watu akasema, mtu yeyote akimgusa huyu ndugu yangu amenigusa mimi. Watu wakapiga makofi. Haukupita msimu, baba mdogo akahamisha luwaanyi. Hatua mbili tu, usiku. Mimi nilikuwa mtoto, nilishika taa, naikumbuka ile mizizi ilivyotoka na udongo mwekundu na yeye anaikanyagia upya kwa kisigino. Yule shemeji hakumwambia ahamishe, hakujua hata. Lakini ile ahadi ilishaingia kichwani. Na jirani naye asubuhi alipoona akajua akienda kulalamika atakutana na nani, kwa hiyo hakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, alikwenda kutafuta watu wake.

Sasa chukua hiyo uiweke kwenye nchi. Ahadi ya kusaidiana inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja na ndio maana watu wanabishana. Inamtisha adui, hiyo ni kweli. Inampa kichwa yule aliyeahidiwa, hiyo pia ni kweli. Na inaweza kumvuta rafiki kwenye ugomvi ambao hakuuanzisha. Ipi itashinda? Inategemea kama ile ardhi ina mwenyewe anayejulikana au la, na inategemea maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Mfano wa kutisha adui uko hapahapa karibu. Mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru, Kenya na Ethiopia walifunga mkataba wa kulindana, na sababu ilikuwa moja tu, Somalia. Ile nyota ya bendera ya Somalia ina ncha tano, na kati ya hizo moja ilikuwa kaskazini mashariki ya Kenya na nyingine Ogaden ya Ethiopia, yaani jirani anaandika kwenye bendera yake kwamba shamba lako ni lake. Mkataba ule haukuzuia kila kitu, vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, vilipiganwa Kenya mpaka 1967 yalipofanyika mapatano Arusha chini ya Rais Kaunda wa Zambia, lakini jeshi lenyewe la Somalia halikuvuka kuichukua Garissa au Wajir. Na angalia ulivyodumu: Ethiopia ikapinduliwa, Mfalme Haile Selassie akaondoka, Mengistu akaja na ukomunisti, Kenya ya Moi ikabaki rafiki wa nchi za Magharibi, na bado mwaka 1979 wakakaa wakaupa uhai mpya. Mimi huwa nawaambia wanafunzi huu ndio mkataba wenye mizizi mirefu kuliko yote ya ukanda wetu, na siri yake ni kwamba wote wawili walikuwa na hofu moja, na jirani mmoja, na hawakuwa na ugomvi mkubwa wa ardhi wao kwa wao. Hiyo ya mwisho ishike vizuri nitairudia.

Lakini hata huo haukuzuia vita vya Ogaden. Julai 1977 Somalia iliona Ethiopia imedhoofika na mapinduzi ikaingia na jeshi lake lote. Nairobi ilisimama na Addis kwa maneno na siasa, haikupeleka vikosi kupigana. Na Somalia yenyewe ilikuwa na mkataba wa urafiki na Urusi wa mwaka 1974, silaha zake karibu zote zilitoka huko, na ndio huyohuyo Mrusi akahama upande akaenda kwa Ethiopia, Wacuba wakaja kama elfu kumi na tano, mpaka Machi 1978 Somalia imerudishwa nyuma. Yaani rafiki aliyekupa bunduki jana ndiye anampa jirani yako kifaru leo. Somalia ilidhani urafiki na mkubwa ni sawa na ruhusa ya kuchukua ardhi. Haikuwa.

Sisi Waganda hili tunalijua mwilini. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wa Mutukula kuingia Tanzania, Novemba 1 redio ikatangaza kwamba ile ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera sasa ni Uganda. Hoja ilikuwa kwamba mto ndio mpaka wa asili, wakati mpaka wenyewe ni ule mstari ulionyooka wa nyuzi moja kusini ya ikweta ambao Wajerumani na Waingereza walikubaliana 1890. Na karibu Afrika nzima ilishakubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba tuheshimu mipaka tuliyoikuta siku ya uhuru. Amin alikuwa na rafiki, Gaddafi wa Libya, na Gaddafi alikuja kweli, alituma askari wake kwa ndege. Lakini walikuja lini? Mwaka 1979 ulishaanza, Watanzania wakiwa tayari ndani ya Uganda. Machi walipigana pale Lukaya, hapo kwenye barabara ya Masaka, na Walibya wengi walifia kwenye bwawa ambalo hata hawakulijua jina. Aprili 11 Kampala ikaanguka. Huyo rafiki hakuokoa serikali na hakupata hata shubiri ya Kagera, alichofanya ni kurefusha vita na kuongeza maiti. Nimezungumza na wazee wa Lukaya, wanakumbuka mpaka sura za wale vijana, wanasema wengine walikuwa wanauliza maji kwa ishara ya mkono. Hao ndio wanaoburutwa, ndugu yangu. Kwa hiyo wenzako wanaohofia kuburutwa wasichekwe.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo watu wengi hawasomi. Mikataba mingi ya kulindana ina kifungu kinachosema ni eneo gani linalindwa na dhidi ya nini, na kwenye ardhi yenye ugomvi hicho kifungu ndicho kila kitu. Marekani na Japani wana mkataba wa 1960. Kuna visiwa vidogo Wajapani wanaviita Senkaku na Wachina wanaviita Diaoyu, hakuna mtu anayeishi pale. Kifungu cha tano hakisemi "ardhi ya Japani", kinasema maeneo yaliyo chini ya utawala wa Japani. Unaona huo ujanja wa lugha? Marekani inasema haina msimamo ni vya nani, ila kwa kuwa anayevitawala kwa sasa ni Mjapani basi mkataba unavifunika, na Rais Obama alilisema wazi akiwa kule Aprili 2014. Faida yake ni kwamba Mchina anafikiri mara mbili kabla ya kutuma jeshi. Hasara yake ni kwamba kila mmoja anajua kinachohesabika ni nani yuko pale anatawala, kwa hiyo meli za walinzi wa pwani za China zinakuja kuzunguka hapo tena na tena, hazipigi risasi, zinajenga tu picha kwamba na sisi tupo. Vita vinazuiwa, ugomvi unalishwa.

Pakistan iliumia kwa kutosoma karatasi, au kwa kusoma na kutumaini. Miaka ya 1954 na 1955 ilijiunga na mikataba ya ulinzi pamoja na Wamarekani na Waingereza, ikapata silaha nyingi, na nia yake yote ilikuwa India na Kashmir. Ila Marekani iliandika kabisa kwamba ahadi yake ni dhidi ya ukomunisti. 1965 vita vya Kashmir vilipolipuka, Marekani ikasimamisha silaha kwa pande zote mbili. Armenia naye hivyohivyo: alikuwa ndani ya mkataba wa kulindana na Urusi, lakini vita vya Nagorno-Karabakh mwaka 2020 vilipiganwa kwenye ardhi ambayo kisheria dunia inaihesabu ni ya Azerbaijan, siku 44, na wenzake kwenye mkataba hawakuja. Karatasi ilisema tutalinda Armenia, na pale si Armenia. Baadaye mwaka 2022 hata ardhi ya Armenia yenyewe ilishambuliwa na bado msaada haukuja wa kueleweka, na Februari 2024 waziri mkuu wao akasema wamesimamisha ushiriki wao. Argentina mwaka 1982 ilipopigania visiwa vya Falklands na Uingereza iliita wenzake wa mkataba wa nchi za Amerika, wakaipa azimio la kuiunga mkono, bila hata mashua moja, na Marekani ambayo imo kwenye huohuo mkataba ikamsaidia Mwingereza.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mkataba unatisha watu wasiguse ardhi, nitakuuliza kwanza, ardhi hiyo imeandikwa?

Lakini sikiliza, hiyo mifano yote bado siyo Migingo. Hapo ni mtu wa ndani dhidi ya mtu wa nje. Migingo ni ndani kwa ndani. Kenya na Uganda wote wako ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na itifaki ya ulinzi ya Jumuiya iliyosainiwa Aprili 2012, ambayo ndiyo iliweka ahadi ya kujadili huo mkataba wa kulindana, inawahesabu wote wawili ni ndugu wa nyumba moja. Sasa nyumba ikisema ukimgusa mmoja umetugusa sote, na wanaogusana ni hao wa ndani, nani anakuja kumpiga nani?

Wagiriki na Waturuki wanatupa picha ya karibu kabisa na ya kwetu. Wote wawili waliingia NATO, ule muungano wa kulindana wa Marekani na nchi za Ulaya, mwaka 1952. Kuna vijisiwa viwili, Wagiriki wanasema Imia, Waturuki wanasema Kardak, mawe tu na mbuzi. Krismasi ya 1995 meli ya mizigo ya Kituruki ilikwama hapo, nahodha akakataa kuvutwa na Wagiriki akisema hapa ni kwetu. Januari watu wa kisiwa cha jirani wakaja na meya wao wakasimika bendera ya Ugiriki, waandishi wa habari wa Kituruki wakaja na helikopta wakaishusha wakasimika ya kwao, ndani ya siku chache manowari za nchi mbili rafiki zimetazamana, helikopta moja ya Wagiriki ikaanguka na maofisa watatu wakafa. Kile kifungu maarufu cha tano cha NATO, kwamba ukimgusa mmoja umewagusa wote, hakikuwa na la kusema hapo. Kilichosaidia ni simu, Rais Clinton na watu wake walikesha wakiwapigia Athens na Ankara mpaka kila mmoja akaondoa askari na bendera. Na mpaka leo hakuna aliyeamua mawe yale ni ya nani. Yaani uanachama mmoja uliwapa mtu wa kuwapigia simu wote wawili wakampokea, hiyo ni faida kubwa nisiidharau, lakini haukuwapa jibu.

Afrika Magharibi pia. Mali na Burkina Faso walikuwa wote ndani ya makubaliano ya kutoshambuliana na kusaidiana kiulinzi ya mwaka 1977, na Desemba 25, 1985 wakapigana siku tano kwa ajili ya ule ukanda wa Agacher. Wenzao wa makubaliano hayo walikuja, ila kama wasuluhishi, sio kama wapiganaji. Jibu la ardhi lilitoka Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule Hague Desemba 1986, ikaugawa ule ukanda kati yao, wakakubali. Halafu kuna Kyrgyzstan na Tajikistan, wote kwenye mkataba wa Mrusi, mwaka 2021 walianza kupigana penye mtambo wa kugawa maji, wakarudia 2022 vibaya zaidi, mlinzi wao mkubwa yuko pale anatazama. Walipata nafuu walipokaa wakachora mpaka wao wote, wakasaini Machi 2025.

Mimi napenda zaidi mfano wa Botswana na Namibia, unapita bila watu kuusikia maana haukuleta vita. Kisiwa katikati ya mto Chobe, mmoja anakiita Sedudu mwingine Kasikili, ni kikubwa kuliko Migingo mara nyingi mno, tembo wanavuka kula majani hapo. Askari walishapelekwa, bendera ilishasimikwa, maneno yalishakuwa makali. Wakakubaliana kwenda Hague, Desemba 1999 mahakama ikasema ni cha Botswana, Namibia ikapokea. Mkataba wa kulindana wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ukaja 2003. Angalia mpangilio huo, kwanza jiwe la mpaka halafu ahadi ya kulindana. Sisemi moja lilizaa lingine, ila nchi hizo mbili ziliposaini hazikuwa na mwiba huo kwenye nyayo. NATO yenyewe ilijifunza hivyo, mwaka 1995 iliwaambia nchi za Ulaya Mashariki zinazotaka kuingia, malizeni ugomvi wa mipaka kwanza, na 1996 Hungary na Romania waliochukiana miaka na miaka wakasaini mkataba wa ujirani. Ule mlango ulikuwa na bei na bei ililipwa. Tofauti ni pale ahadi inapotolewa nusu: Aprili 2008 NATO ikaitangazia Georgia kwamba siku moja itakuwa mwanachama, bila tarehe na bila ulinzi, na Georgia ina maeneo mawili yenye ugomvi, Agosti vita na Urusi vikalipuka. Ahadi iliyotangazwa na haijaanza kazi ni mbaya, inampa mmoja kiburi na mwingine haraka.

Sasa kwako Majanji. Migingo ni mwamba uliojaa vibanda vya mabati, haufiki hata eka moja, ugomvi umeshika moto tangu 2004 askari wetu walipoweka hema na bendera, na mwaka 2009 kule Nairobi vijana wa Kibera waling'oa reli inayoleta mizigo huku kwetu. Mwaka huohuo Rais Museveni mwenyewe alisema mwamba ni wa Kenya ila maji ni ya Uganda. Mpaka uliandikwa na Waingereza mwaka 1926, unapita ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid, unakwenda Ilemba, Kiringiti, Mageta, Sumba, mpaka mto Sio, na Katiba yetu ya 1995 kwenye jedwali la pili inataja visiwa hivyo. Karatasi ipo, kinachokosekana ni nchi mbili kukaa na wapima ardhi, kupima mstari mpaka mwisho, na kukubali kipimo kikishatoka. Samaki ndio wanafanya iwe ngumu, mbuta, yaani sangara, hawajui mstari, na mvuvi wa Kenya akilala kwenye mwamba anaamka anavua kwenye maji ya kwetu, kwa hiyo hata ukishajua mwamba ni wa nani bado unahitaji makubaliano ya leseni na kodi na nani anamkamata nani. Hiyo hakuna mkataba wa jeshi utakaoifanya.

Umeuliza Tanzania itasimama na nani. Haitasimama na mtu, na usiwaamini wanaokuambia ati watakuja kutusaidia au kuwasaidia Wakenya. Uganda na Kongo walipogombania kisiwa cha Rukwanzi ziwa Albert mwaka 2007, na watu walishakufa, Rais Museveni na Rais Kabila walikutana Ngurdoto, Arusha, Rais Kikwete akiwa mwenyeji, wakasaini Septemba 8. Hiyo ndiyo kazi Tanzania itaifanya tena, kiti na meza. Tena Tanzania iko kwenye jumuiya mbili, ilipeleka askari Kongo chini ya SADC mwishoni mwa 2023 huku ni mwanachama wa Jumuiya yetu, inajua vizuri sana kuvutwa mikono miwili kunavyouma.

Kwa hiyo hilo andiko la mkataba likitoka, usisome hotuba, tafuta mambo mawili. Moja, je linasema ugomvi wa mpaka kati ya wanachama unapelekwa wapi, ndani ya muda gani, na nani analipia wapima ardhi? Pili, je linamkataza mwanachama kuongeza askari au bendera mahali penye ugomvi wakati kesi inasikilizwa? Hilo la pili ndilo baba yangu mdogo alilikosa, maana hakukuwa na mtu wa kumwambia luwaanyi isiguswe mpaka mwenyekiti aje. Yakiwemo yote mawili, waambie wenzako wa upande wa kwanza wana haki kufurahi. Yasipokuwemo, niandikie tena, na uniambie pia bei ya mbuta hapo mwaloni imefika ngapi, maana nikiona inapanda ghafla najua mashua zimeanza kuogopa kwenda.